Kuku wa uani: kipenzi au kitoweo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wenye kuku wachache nyumbani, kati ya watano na ishirini, wanaozunguka uani na kulala kwenye banda dogo. Mwenye banda la kuku mia tano ana hesabu nyingine.

Kuku wa nyumbani ni kipenzi au ni chakula?

Kwa nyumba nyingi za kwetu kuku hajawahi kuwa kimoja tu. Ni akiba: ada imepungua au mtoto ana homa usiku, kesho yake kuku wawili wanakwenda sokoni. Ni heshima ya mgeni, na ndiyo maana watu husema mgeni njoo mwenyeji apone, kwa kuwa mgeni akifika kuku huchinjwa na nyumba nzima hula. Tena kuna kuku wa mtoto, yule aliyepewa na bibi yake akiwa kifaranga, anayemfuata mpaka mlangoni.

Ugomvi huanzia kwenye kukosa mpango. Baba anamwona kitoweo, mama anamwona mtaga mayai, mtoto anamwona rafiki, na kuku ni huyohuyo mmoja. Pangeni kazi ya kila kuku mapema: siku anayonunuliwa, au siku vifaranga wanapotenganishwa na mama yao. Makundi matatu yanatosha: wa mayai na mbegu, wa kitoweo, na wa kukaa mpaka afe mwenyewe. Kila mmoja avae alama mguuni, pete ya plastiki au uzi wa rangi. Kwa kuku anayekua, kagua alama hiyo kila baada ya wiki mbili, kwa sababu mguu hunenepa na uzi huzama kwenye ngozi mpaka ukakata.

Aina ipi inafaa kwa lipi?

Kuku wa kienyeji anafaa kwa yote mawili. Huanza kutaga akiwa na miezi 6 hadi 8, hutaga mayai 10 hadi 15 kisha hutaka kuatamia, na kwa mwaka hufikisha 40 hadi 60 hivi. Akilindwa na wanyama na magonjwa huishi miaka mitano hadi minane, wengine zaidi. Kati ya kienyeji, kishingo huvumilia joto vizuri kwa sababu shingo haina manyoya. Kuchi ni mrefu, mzito, nyama yake inapendwa, lakini ni mgomvi: majogoo wawili wa kuchi hawakai banda moja, na si kuku wa kumkabidhi mtoto mdogo.

Chotara kama Sasso, ambaye asili yake ni Ufaransa, na Kuroiler wa India, hukua upesi. Katika miezi mitatu hadi minne ukiwalisha vizuri unapata kilo mbili na zaidi. Tabia yao ni ya upole, ila wanakula sana, na hamu ya kuatamia ni ndogo.

Kuku wa nyama wa kisasa usimfanye kipenzi. Amezalishwa achinjwe akiwa na wiki tano au sita. Ukimwacha aendelee kula atakavyo, uzito huushinda moyo na miguu, na atakufa kwa shida mbele ya mtoto uliyetaka kumfurahisha. Huko si kumhurumia.

Nimenunua vifaranga kumi nipate mayai. Sasa watano ni majogoo. Nifanyeje?

Ndivyo ilivyo, karibu nusu ya vifaranga huwa madume. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Ukibakiza watatu kwa mitetea sita, watawapanda mpaka migongo ya mitetea iwe mitupu na vidonda kwenye mabawa. Mapora, yaani majogoo wachanga, wa ziada wawe kitoweo wakiwa na miezi mitano au sita, nyama ikiwa laini na kabla hawajaanza kupigana. Na kama unataka mayai ya kula tu, jogoo hahitajiki kabisa: mtetea hutaga bila yeye, ila mayai hayataanguliwa.

Mtoto amempa kuku jina. Bado tunaweza kumchinja?

Sheria inayofanya kazi ni hii: mwenye jina hachinjwi, anayepangiwa sufuria hapewi jina. Mtoto aelezwe mapema, kabla hajachagua. Mwache achague mtetea mmoja wa kwake, amlishe, aokote mayai yake.

Kama mpango umekwishaharibika na kuku mwenye jina lazima aondoke, mwambie mtoto ukweli. Usimwambie kuku ameibiwa halafu jioni sufuria inanukia. Watoto hutambua mguu, manyoya, hata rangi ya ngozi, na uongo huo hukaa nao muda mrefu kuliko msiba wa kuku. Njia nyingine ni kubadilishana na jirani, kuku kwa kuku wa uzito uleule. Na mtoto asilazimishwe kula.

Nahitaji nafasi kiasi gani?

Bandani, kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba. Kichanja cha kulalia kiwe na sentimita 20 kwa kila kuku, kikiinuliwa sentimita 60 hadi 100 kutoka chini, mti wenye unene wa kushikika vizuri na usio na ncha kali. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha mitetea minne au mitano, kikiwa kwenye kona yenye giza. Sakafuni tandaza maranda au pumba za mpunga unene wa sentimita 5 hadi 10. Ukisikia harufu kali ya mkojo unapoinama, matandazo yamelowa: yabadilishe siku hiyo, kwa kuwa hewa ile huwaumiza macho na mapafu.

Mlango ufungwe kabla giza halijaingia. Kicheche hupita kwenye tundu dogo kuliko unavyodhani. Siafu wakipita eneo lako, mwaga majivu makavu kuzunguka banda, na yaongeze kila mvua inapoyasomba.

Nimlishe nini, na ni gharama kiasi gani?

Kuku mkubwa hula gramu 100 hadi 120 kwa siku na hunywa karibu mara mbili ya uzito huo kwa maji, zaidi wakati wa joto. Kuku sita kwa gramu 120 ni gramu 720 kwa siku, yaani kilo 22 hivi kwa mwezi. Anayejitafutia uani hupunguza hesabu hiyo, lakini kwenye uwanja wa saruji hapati kitu.

Mchanganyiko wa kilo 20 kwa mitetea ya kienyeji inayotaga: mahindi yaliyoparazwa kilo 9, pumba za mahindi kilo 4, mashudu ya alizeti kilo 4, dagaa waliosagwa kilo 1.5, chokaa ya mifugo au makombe yaliyosagwa kilo 1.3, chumvi gramu 50, na virutubisho vya kuku vya dukani kwa kipimo cha pakiti. Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni chokaa ya kupaka ukuta: hiyo huunguza, inayotakiwa ni ya mifugo. La pili ni dagaa waliotiwa chumvi: ukiwatumia, usiongeze chumvi nyingine, maana kuku hufa kwa chumvi iliyozidi. La tatu ndilo baya zaidi, mahindi yaliyoota ukungu. Watu husema “haya ni ya kuku,” kana kwamba sumukuvu itaishia kwa kuku. Huharibu ini lake, na sehemu yake huweza kuingia kwenye yai na maini utakayokula wewe. Mahindi ya ukungu yafukie.

Chanjo ya kideri ni lazima hata kwa kuku wawili wa mtoto?

Ni lazima. Kideri, wengine huita mdondo, hakina dawa. Kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu wote kwa siku chache: kuhara kijani, kukoroma, shingo kupinda, kisha kifo. Pilipili, shubiri na majivu kwenye maji havikizuii.

Chanjo ya I-2 hustahimili joto kuliko zile za zamani na hutolewa kwa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kipimo ni tone moja kwa kifaranga na tone moja kwa jogoo mkubwa. Mlaze kuku ubavu, jicho moja likitazama juu, shikilia chupa wima ili tone liwe kamili, dondosha, kisha usimwachie mpaka afumbe na kufumbua jicho. Ukimwachia mapema, hutikisa kichwa na tone linaruka. Mgonjwa asichanjwe, kwa kuwa chanjo si tiba, na kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka. Kwa hiyo chanja kabla ya msimu ambao kideri huwa kinaingia kwenu.

Chupa moja huwa na dozi za kuku mia na zaidi, wewe una wanane. Elewaneni na majirani mchange, mchanje mtaa mzima asubuhi moja. Hiyo ni kinga bora hata kwako, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye mlango wa ugonjwa.

Kama ni chanjo ya kunyweshwa, maji ya bomba yenye klorini huiua. Tumia maji ya kisima safi au ya mvua, au weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, ili wamalize yenye chanjo ndani ya saa mbili.

Nimeleta kuku mpya. Nimchanganye lini na wenzake?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa afya ya kundi kamba hiyo ikae wiki mbili. Mweke mbali, chombo chake cha maji kiwe peke yake, na umhudumie wa mwisho baada ya wenyeji. Kisha muingize usiku wakiwa kichanjani. Kupigana kidogo kwa siku tatu nne ni kawaida, kwa sababu kuku hupangana ngazi, nani adonoe na nani adonolewe. Damu ikitoka, mtenge mara moja, maana wenzake wakiona wekundu hawaachi kudonoa.

Nimempa dawa. Mayai na nyama yake vipi?

Hapa ndipo neno “kipenzi” linapowapoteza watu. Mtu humtibu kuku kama paka, kwa dawa yoyote, kisha anaendelea kukaanga mayai yake. Kila dawa ya kuku huandikwa siku za kusubiri, na siku za yai huweza kutofautiana na za nyama. Soma kabla ya kufungua. Ukikuta imeandikwa isitumike kwa kuku wanaotaga, usiitumie kwa mtetea ambaye mayai yake mnakula, hata kama mnampenda vipi. Andika tarehe kwenye karatasi ukutani: dawa gani, kuku gani, siku ya mwisho ya kumpa. Mayai ya siku za kusubiri yafukiwe, yasiuzwe wala kupewa mtu. Unga wa utitiri nao ni dawa, una maelekezo yake.

Nitajuaje mtetea ameacha kutaga?

Usimhukumu kwa sura. Mshike jioni akiwa ametulia, mgeuze, na upapase pande mbili za tundu la kutolea yai. Utakuta ncha mbili za mifupa ya nyonga. Kama vidole viwili au vitatu vinaingia katikati yake na tundu ni pana lenye unyevu, anataga. Kama kinaingia kidole kimoja tu na tundu limekauka na kukunjamana, hatagi kwa sasa. Tazama na upanga wa kichwani: mwekundu na laini kwa anayetaga, uliosinyaa na kupauka kwa aliyeacha.

Kabla hujatoa uamuzi, hakikisha hayuko kwenye kubadilisha manyoya, kuatamia, au minyoo. Mtetea anayebadilisha manyoya husimama kutaga kwa miezi miwili hivi kisha hurudi. Wengi wamechinjwa wiki chache kabla hawajaanza tena.

Amezeeka. Nimle au nimwache?

Kuku asiyetaga hula karibu kilo 44 kwa mwaka, yaani karibu gunia dogo la kilo 50. Ukiwa na uwezo huo, mwache. Mtetea mzee anajua kuatamia na kulea, na kifaranga mwenye mama mzoefu hapotei ovyo kwa mwewe. Ukikosa uwezo huo, mchinje angali na afya. Kumwacha akonde kwa njaa uani kwa sababu “tunamwonea huruma kumchinja” ni kumtesa.

Nimchinjeje vizuri?

Mfungie usiku mmoja, kwa muda wa saa 8 hadi 12 bila chakula ila maji awe nayo, ili gole (kifuko cha chakula shingoni) na utumbo viwe vitupu. Aliyekuwa akidonoa majalala, Waislamu wengi humfungia siku tatu akila chakula safi kwanza, na kwa usafi wa nyama ni utaratibu mzuri kwa yeyote.

Noa kisu mbali naye, na wenzake wasione. Mshike mabawa na miguu kwa utulivu, taja jina la Mwenyezi Mungu kama ni kwa halali, kata kwa mkupuo koo, njia ya chakula na mishipa miwili mikubwa ya pembeni bila kukitenganisha kichwa. Kisu butu ndicho kosa kubwa la uani: kuku huteseka na damu haitoki yote. Mshikilie mpaka aishiwe nguvu kabisa, dakika mbili au tatu. Kuku ambaye bado anapumua asiguse maji ya moto.

Kunyonyoa kunataka maji ya nyuzi 60 hadi 65, yasiyochemka. Huna kipimajoto? Changanya lita 4 zinazochemka na lita 3 za bomba kwenye ndoo. Mtumbukize, mgeuzegeuze kwa dakika moja, kisha vuta unyoya mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kubishana, yuko tayari. Maji yanayochemka huivisha ngozi na huchanika pamoja na manyoya. Vinyoya vidogo vibabue kwenye moto.

Unapompasua, pasua chini ya kidari kwa juujuu, ingiza vidole, toa vyote kwa pamoja. Nyongo ni kile kifuko cha kijani kwenye ini: kikate pamoja na kipande kidogo cha ini, kwa sababu ikipasuka uchungu hautoki kwa kuoshwa. Firigisi ipasue, mwaga uchafu, bambua ngozi ya njano ya ndani. Ini likiwa na madoa meupe mengi au vivimbe, usile kuku huyo. Manyoya, matumbo na maji ya damu vifukiwe nusu mita chini, visitupwe wanakopita kuku wengine.

Mbona nyama ya kienyeji inakuwa ngumu hata nikichemsha?

Mara nyingi ni kwa sababu imepikwa ikiwa imekakamaa, saa chache tu baada ya kuchinja. Iache kwenye friji usiku mmoja. Kuku wa miaka miwili na zaidi anataka saa moja na nusu hadi tatu kwa moto mdogo, au dakika 40 hivi kwenye sufuria ya presha. Papai bichi lililokwaruzwa husaidia, lakini lisizidi nusu saa, nje huwa uji na ndani bado ngumu. Ukimpika kwa nazi, aive kwanza kwenye tui jepesi, tui zito liingie mwishoni ukikoroga lisikatike.

Anakula mayai yake. Achinjwe?

Bado. Okota mayai mara mbili kwa siku, ongeza giza kiotani, wape makombe yaliyosagwa pembeni. Maganda ya mayai yakaushwe motoni na kusagwa kabisa, asiyatambue. Akiendelea wiki tatu, mtenge, kwa sababu wenzake hujifunza kwake.

Jogoo anawika saa tisa usiku, jirani analalamika.

Hakuna njia salama ya kumnyamazisha. Banda lenye giza humchelewesha tu mpaka mlango ufunguliwe. Mjini, uliza ofisi ya serikali ya mtaa kuhusu sheria ndogo za mifugo kabla ya kujenga banda. Nyumba zikiwa zimebanana, fuga mitetea peke yake.

Watoto wanaweza kumpakata na kumbusu?

Kumpakata sawa, kumbusu hapana. Hata kuku mwenye afya njema huweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, kwenye kinyesi na manyoya, na wanaoumia zaidi ni watoto chini ya miaka mitano na wazee. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Kuku asiingie jikoni, na viatu vya bandani vibaki bandani.

Tunaishi ughaibuni. Tukisema ni kipenzi tu, sheria inatuhusu?

Inawahusu. England na Wales kila mwenye kuku, hata mmoja, anatakiwa kumsajili tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na Scotland tangu tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Tena kule ni kosa kumpa kuku mabaki ya jikoni, hata kama ni wa kubembelezwa tu, isipokuwa nyumba ambayo haiingizi kabisa nyama, mayai wala maziwa. Marekani kila mji una kanuni zake, mingi huruhusu mitetea michache na kukataza jogoo. Kwa upande wa dawa, kuku huhesabiwa mnyama wa chakula hata mkimwita mtoto wenu, na enrofloksasini, dawa ya kuua bakteria, imekatazwa kwa kuku huko tangu 2005.

Kuku wetu amekutwa amekufa asubuhi. Nyama yake inafaa?

Haifai. Huyo ni kibudu, damu imebaki mwilini na chanzo cha kifo hakijulikani. Usimpe mbwa, usimtupe jalalani. Wakifa wawili au zaidi kwa siku mbili, funga kundi lisitoke, usiuze wala kugawa kuku, na mwite ofisa mifugo wa kata, ukimwekea mzoga wa karibuni wa kupasua. Aliyekufa peke yake mfukie nusu mita au zaidi, mwagia majivu juu, shindilia udongo na uweke jiwe, mbwa wasimfukue. Kama alikuwa wa mtoto, mtoto awepo akitaka, lakini asimshike, na wote mnawe.